Nimepangiwa kufundisha kipindi cha jinsia kwa askari wanaokwenda kulinda amani Kongo. Nianzie wapi?

Kapteni wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Niko jeshini. Kikosi sitakitaja, na kama kuna atakayenitambua kwa maandishi naomba anistiri. Nimepangiwa kufundisha kipindi cha "jinsia na ulinzi wa amani" kwa vijana wanaojiandaa kwenda mashariki mwa Kongo. Nimepewa saa mbili, Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Aliyewahi kukaa kambini anajua kuwa kipindi cha saa hizo kimewekwa hapo kwa sababu hakuna aliyekitaka pengine.

Slaidi nimerithi kwa mwenzangu aliyehamishwa. Zinapita mia, zote Kiingereza, na ishirini za mwanzo ni maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa namba tu: 1325, 1820, 1888, 1960, unaendelea hivyo kama orodha ya vipuri. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa lake. Mstari wa tatu wote walikuwa wamelala. Alipouliza kama kuna swali, koplo mmoja akasimama: "Afande, huko tunakwenda kupigana na waasi au kupangiana zamu ya kuosha vyombo?" Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, kipindi kikafia hapo.

Misheni yangu pekee ilikuwa Darfur, na kazi yangu ilikuwa stoo. Nje ya geti nilitoka kwa nadra. Kwa hiyo nikisimama kuwaeleza vijana habari za wanawake wa kijijini, ndani ya dakika tano watajua kuwa nasoma.

Swali langu: ukipewa saa mbili na askari arobaini walioshiba ugali, unawaambia nini ambacho watakikumbuka wakifika Beni kule Kongo? Lugha ya semina sitaki. Nataka vitu ambavyo askari wa doria anaweza kuvifanya, au kuviacha, akiwa na bunduki begani. Na kama humu kuna Wakongo, nyie ndio nawahitaji zaidi.

Nawasilisha.

Bwana Mipango

Mkuu dawa ni moja tu. Waambie atakayeshikwa anarudishwa nyumbani na posho inakatwa. Utashangaa hata waliolala watakavyoamka. Mengine yote ni kuwafurahisha wazungu.

SajiniMama

Bwana Mipango, tishio la posho tulilisikia wote kabla ya kupanda ndege, na walioamua kuharibu waliharibu. Hao wazungu wako nitawaachia wengine wawajibie.

Afande Kapteni, mimi nilistaafu nikiwa sajini, kwa hiyo leo nasema bila kuomba ruhusa. Nilikuwa Beni, kambi ya Mavivi pale karibu na uwanja wa ndege, na baadaye nikaingizwa kwenye timu ya askari wa kike waliokuwa wakitumwa kukaa na wananchi na kuwasikiliza.

Maazimio yaache kabatini. Anza na ratiba ya doria. Yule koplo wa vyombo mwite mbele, mpe chaki, aandike ubaoni doria ya kawaida inatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Ataandika saa tatu asubuhi, baada ya chai na ukaguzi, kurudi saa saba. Halafu mwulize mama wa Kinande, kabila la huko Beni, anakwenda shamba saa ngapi. Kule watu wanalima kakao, mpunga na mihogo, na mashamba yako mbali na nyumba. Wanatoka giza halijaisha. Waasi wa ADF wanaijua ratiba hiyo vizuri kuliko sisi, ndiyo maana watu wengi wamechinjiwa shambani na njiani kwenda shambani.

Tulikuwa tumekaa na kina mama nyuma ya kanisa, chini ya mparachichi. Mzee wa kijiji alikuwa amekwishaondoka, na hilo lina maana yake, nitalirudia. Bibi mmoja, jembe kaliegemeza gotini, akaninyooshea kidole kabisa: "Miye natoka saa kumi na moja. Nyinyi munapita saa tatu. Munalinda nani?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kuliandika swali lake kwenye ripoti kama alivyolisema. Kamanda wa kombania alilisoma. Hakufurahi, na sababu alikuwa nazo: tulikwishapoteza wenzetu kambi ya Semuliki iliposhambuliwa Desemba 2017, na kupeleka gari gizani kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango si jambo la kuamuliwa kwa huruma. Lakini siku za soko na msimu wa mavuno doria ikawa inatoka mapema, na njia ikabadilishwa ipite vichochoro vya mashambani badala ya barabara kuu peke yake. Koplo wako akishaelewa hapo, usimtajie tena neno jinsia. Amekwishalipata.

Kisha wape kisa cha Luvungi. Wengi watakuwa hawajakisikia. Kuanzia tarehe 30 Julai 2010, kwa siku nne, makundi ya waasi yaliingia Luvungi na vijiji vya jirani huko Walikale, Kivu Kaskazini, wakabaka watu wasiopungua 387. Wengi wanawake, lakini walikuwemo wanaume na watoto pia. Kambi ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa Kongo, ilikuwa Kibua, kama kilomita 30 kutoka hapo. Doria ya Umoja wa Mataifa ilipita Luvungi siku zile zile, na hakuna mwanakijiji aliyewaambia kitu. Askari hawakuwa na mkalimani. Waulize vijana: mngepita nyie, mngeona nini? Watasema hawangeona kitu. Sasa wafundishe kuona. Kisimani hakuna msichana hata mmoja asubuhi. Soko limefunguliwa lakini wauzaji ni wanaume watupu. Shule ina wavulana tu. Ndoo zimeachwa njiani. Hakuna kati ya hivyo anachokuja mtu kukuambia, unakiona mwenyewe ukiwa umezoea kijiji kilivyo siku za kawaida. Baada ya Luvungi ndipo walipoongezwa wale wasaidizi Wakongo wanaokaa na askari kambini na kugawa namba za simu vijijini, na mfumo huo umesaidia kuliko mahema mengi ya semina niliyokalishwa.

Nimesema nitarudia habari ya mzee wa kijiji. Akiwepo, kina mama wanasema usalama ni mzuri. Kiswahili chetu kinatubeba sana kule, lakini bibi asiyekwenda shule anaongea Kinande, na mkalimani mara nyingi ni kijana wa kiume, tena mpwa wa mzee huyo huyo. Mama ataongea mpaka machozi yamtoke, kijana atakugeukia aseme, "Anawashukuru kwa kuja." Askari afundishwe kuuliza tena, na kuuliza mtu mwingine, mahali pengine.

Sehemu ya pili ya kipindi iwe senyenge ya kambi. Wasichana wa kufua wapo kila kambi niliyoiona. Anakuja na beseni, anapokea magwanda juu ya senyenge, jioni anayarudisha yamekunjwa, analipwa sabuni na pakiti ya biskuti za mgao. Halafu askari mmoja anaanza kumpa pakiti mbili. Halafu anamwambia, kesho njoo geti la nyuma, lile la lori la maji. Simama hapo hapo uwaulize darasa: kosa limeanzia wapi? Usiwape jibu upesi. Watagombana, wengine watasema ni biashara yake binti, wengine watasema biskuti si kosa, na ugomvi huo una thamani kuliko slaidi zako zote.

Wakishachoka kugombana, wape kisa cha Bunia, mji wa Ituri. Mwaka 2003 mapigano ya Ituri yalipopamba moto, maelfu ya watu walikimbilia kando ya kambi ya MONUC (ndilo jina la MONUSCO wakati ule) pale uwanja wa ndege, kwa sababu ndipo palipokuwa na ulinzi. Mwaka uliofuata wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta wasichana wadogo wakipewa na walinda amani chakula, au dola moja hadi tatu. Ripoti ya Prince Zeid wa Jordan, mshauri wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, iliyotoka Machi 2005 ilieleza kuwa baadhi yao walibakwa kwanza, pesa au chakula wakapewa baadaye ili ionekane wamejiuza. Walikimbia wanamgambo wakaangukia mikononi mwa mlinzi. Hapo darasa litanyamaza lenyewe.

La mwisho, mlinzi wa geti. Kama una dakika kumi tu za maana, zimalizie kwake. Mtu akija getini saa nane usiku, amefunga kitenge kimelowa, hasemi, mlinzi afanye nini? Asimhoji. Asimpige picha. Asimuite sajini, na sajini asimuite luteni, wakajaa watu sita na tochi. Amsogeze mahali pa faragha, ampe maji na shuka, amuulize jambo moja: unataka tukupeleke hospitali? Akikubali, apelekwe usiku ule ule, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinafaa ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Na gari lisimshushe mlangoni kwake mchana kweupe watu wote wakiona. Mambo mengine yana wenyewe waliosomea.

Mama APS wa Goma

Jambo kwenu wote. Munisamehe Kiswahili changu, nitajaribu kukinyoosha. Miye niko Goma, nafanya kazi ya APS, yule msaidizi wa kisaikolojia na kijamii anayempokea mtu kwanza kabla ya daktari. Asante kwa kutuita, Bwana Kapteni. Mara nyingi watu wanafundishana juu yetu bila kutuuliza.

Mama Sajini amesema vizuri kuhusu geti. Niongeze juu ya maswali. Mama mmoja anakuja kwangu, amekwishaulizwa na polisi, na mtu wa shirika, na mwanajeshi mwenye kofia ya buluu wa Umoja wa Mataifa, na mwandishi wa habari. Wote wameuliza yale yale: walikuwa wangapi, walivaa nini, waliongea lugha gani. Anapofika kwangu anaisema habari yake kwa kuikimbiza, macho chini, na mwishoni anauliza, "Nisaini wapi?" Askari wenu wajue kwamba kusikiliza bila kuuliza ni kazi, na kwamba yule mwenye haki ya kuuliza ni mmoja tu, mwenye kazi hiyo.

Vita ikienda mbele, mambo haya hayaendi nayo. Nyinyi munakaa mwaka mmoja munarudi. Sisi tunabaki na bwana aliyemufukuza bibi yake juu ya kitu kilichomufikia porini kwenye kuni. Tunabaki na mtoto ambaye bibi yake mzaa mama anamuita jina la kundi lililomuleta. Miaka ya 2022 mpaka 2024, watu waliojaa kwenye makambi ya Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala walikuwa wanapika kwa kuni za mbuga ya Virunga, na mwenye kwenda kuzitafuta ni mama au binti. Baba akienda anauawa, mama akienda anabakwa, ndivyo walivyokuwa wanapima nyumbani, wanachagua nani aende. Bamama walikuwa wananiambia hesabu hiyo bila kulia. Waasi wa M23 walipouchukua mji wa Goma, Januari 2025, makambi yale yakabomolewa ndani ya wiki chache, watu wakaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Kuna bamama waliokuwa wanakuja kwangu kila juma ambao sijui wako kilima gani sasa, na dawa zao walikuwa hawajazimaliza.

Wanaume pia wanakuja. Anakuja anasema mgongo unamuuma. Anarudi mara nyingine, mgongo. Siku moja akiona chumba hakina mtu anasema kilichompata. Askari wakicheka wakisikia mwanaume amebakwa, na nimewaona wakicheka, yule hatarudi tena kwa mtu yeyote.

Na jambo la wasichana wanaotoka porini. Wapiganaji wanaojisalimisha wanapokelewa kwa kusalimisha bunduki. Mwanaume anaweka kalashnikov chini, anaandikwa. Msichana aliyempikia, aliyebeba mizigo yake, aliyepewa yeye kuwa bibi yake akiwa na miaka kumi na tatu, hana bunduki ya kuweka chini, na yeye mwenyewe mara nyingi hataki kuandikwa, kwa sababu kijijini wakijua alikuwa na wanamgambo wa Mai-Mai hataolewa. Anapita pembeni, anarudi kwa mama yake usiku, na msaada wote unakwenda kwa yule aliyemuteka. Kwa hiyo mwanajeshi wako akimpokea mpiganaji, amuulize: nani amebaki nyuma yako? Wako wangapi, wako wapi? Swali hilo halina gharama.

Na nimalizie kwa kitu kichungu, mutanivumilia. Huku kuna watoto wa kofia za buluu. Mama anajua jina moja tu, lile lililoshonwa kifuani kwenye gwanda, na nchi ya bendera ya begani. Baba amepanda ndege. Vijana wako waambie kwamba mtoto yule anaanza shule sasa, na mwalimu anauliza jina la baba.

Bwana Mipango

Mama Goma, pole sana. Mimi nilikuwa nataniana kijeshi tu. Lakini swali langu bado lipo, haya mambo ya jinsia si yametoka New York?

WakiliPori

Bwana Mipango, yametoka Windhoek, mji mkuu wa Namibia. Mei 2000 waliokutana huko walitoa azimio na mpango kazi kuhusu kuingiza suala la jinsia katika operesheni za amani. Oktoba mwaka huo huo Namibia ndiyo iliyokuwa rais wa Baraza la Usalama, na tarehe 31 likapitishwa azimio 1325. Kabla ya hapo, mwaka 1996, Graça Machel wa Msumbiji alikwishaiandikia Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu watoto katika vita, akaeleza kuwa katika nchi sita kati ya kumi na mbili zilizochunguzwa, ujio wa askari wa amani uliendana na ongezeko la haraka la ukahaba wa watoto. Waafrika waliyasema haya mapema, tena kwa ushahidi. New York ilipiga muhuri.

Kwa Kapteni, upande wa sheria nina mambo machache, maana askari hupenda kujua mpaka uko wapi.

Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Oktoba 2003 unakataza kufanya mapenzi na aliye chini ya miaka 18, haijalishi sheria ya nchi inasemaje, na "nilidhani ni mkubwa" si utetezi. Unakataza kutoa pesa, kazi, bidhaa au huduma kwa ajili ya ngono. Biskuti ni bidhaa. Sabuni ni bidhaa. Hata yale mahusiano ya watu wazima waliopendana na mtu anayetegemea msaada wa misheni, waraka unayakemea kwa nguvu, kwa sababu mmoja ana bunduki na chakula na mwingine hana. Masharti hayo yameingizwa katika mikataba na nchi zinazotoa askari.

Watu wengi hawajui kuwa Umoja wa Mataifa hauwezi kumshtaki askari wa kikosi. Mamlaka ya jinai yako kwa nchi yake peke yake. Maana yake mama wa Bunia au wa Beni anasubiri mahakama iliyo nchi nyingine, kwa lugha asiyoijua, na mara nyingi hapati hata barua ya kumwambia kesi imeishia wapi. Kuhusu watoto, misheni inaweza kusaidia kuchukua vinasaba na kupeleka madai kwa nchi husika, lakini matunzo yanaamuliwa huko huko. Ndiyo maana napenda askari wafundishwe sheria ya kwao, ile itakayowapeleka mahakama ya kijeshi.

Na tusijifanye hatuhusiki. Azimio 2272 la Machi 2016 liliunga mkono uamuzi wa Katibu Mkuu wa kurudisha kikosi kizima pale ushahidi unapoonyesha tabia imeenea. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba kikosi cha Watanzania 60 kilichokuwa magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati kinarudishwa kufuatia tuhuma za unyanyasaji wa kingono. Tuhuma si hukumu, na waliotajwa walikuwa wachache katika hao 60. Lakini uamuzi wa kurudishwa uliwagusa sitini wote. Kapteni, ukiwa na nafasi ya mfano mmoja tu, huo wa nyumbani utasikilizwa zaidi ya wa nchi nyingine yoyote.

Kapteni wa Zamu

Sijui niseme nini zaidi ya asanteni. Mama APS, nimesoma ujumbe wako mara mbili na nimeutuma kwa mke wangu.

Sajini, shikamoo. Nina jambo moja linanisumbua. Katika hao arobaini wanawake ni wanne. Mkubwa wangu amekwishaamua: mambo yote ya kina mama watashughulika nayo hao wanne, na wanaume waendelee na kazi zao. Nilitaka kupinga nikakosa hoja.

SajiniMama

Marahaba, afande.

Hoja ni nyepesi. Wanne hawawezi kuwa getini usiku, na kwenye doria, na sokoni, na kwenye kikao cha wazee kwa wakati mmoja. Aliye zamu mtu anapofika ndiye atakayempokea, awe na ndevu au asiwe nazo. Kwa hiyo arobaini wote wajifunze. Hao wanne watumike pale wanapoleta tofauti ya kweli: kumpekua mwanamke kwenye kizuizi cha barabarani, kukaa na kina mama bila mzee wa kijiji, kuwepo binti akitaka kuongea na mwanamke. Na wakienda, wasiende peke yao na kalamu. Sisi tulikuwa tunakwenda na ulinzi, tena dereva wetu mwanaume alikuwa hodari wa kucheza na watoto ili mama zao wapate nafasi ya kuongea. Kijana huyo alitusaidia kuliko mkufunzi yeyote.

Mwambie mkubwa wako pia kwamba Umoja wa Mataifa umeweka lengo la wanawake asilimia 15 katika vikosi ifikapo 2028. Wanne katika arobaini ni asilimia kumi. Wakirudi wamechoka na kukasirika, mwaka ujao utatafuta wa kujaza nafasi hizo na hutawapata. Yanayowachosha ni madogo madogo. Fulana ya kuzuia risasi iliyokatwa kwa kifua cha mwanaume inakubana huwezi kuinua bunduki vizuri begani. Choo cha kambi ndogo kisicho na komeo. Mgeni akija kutoka makao makuu, nani anaitwa kupika chai? Na kuna mengine si madogo. Mkubwa anayegonga mlango wa bweni usiku akidai anatafuta redio ya mawasiliano. Ukifundisha habari za wanawake wa Beni ukalikwepa hilo, wale wanne watakuangalia tu, na watajua wewe ni wa namna gani.

Kwa vitendo: nusu ya muda watoe darasani. Wapeleke kwenye geti la kambi yenu hapo hapo, walipo mama ntilie na wale mabinti wa vocha. Kila askari akae kimya aandike nani anapita, saa ngapi, amebeba nini, anaongea na nani getini. Wakirudi linganisha walichoandika. Utakuta wanaume wengi wameandika magari.

Na geti la kule lipewe kadi yenye namba za hospitali na za watu kama Mama APS. Ibandikwe ndani ya kibanda cha mlinzi, si ofisini kwa kamanda.

Mama APS wa Goma

Mama Sajini, kadi ni wazo nzuri, lakini kabla ya kuibandika mupige kila namba. Nimeona kadi zimechapishwa vizuri, karatasi ya kung'aa, na nusu ya namba hazipokelewi, kwa sababu mradi umeisha au mtu amehama. Tangu Januari 2025 mambo yamebadilika sana huku, vituo vingine vimefunga, vingine vimebaki na muuguzi mmoja bila dawa. Muulize pia kama PEP, ile dawa ya kuzuia VVU, iko stoku wiki hiyo, si kama "inatolewa". Na muandike jina la kituo na mtaa kwa maandishi makubwa, mlinzi aweze kulisoma kwa tochi. Bwana Kapteni, vijana wakishajua wanapangiwa wapi, andika hapa. Nitakuambia kituo gani cha karibu kinafanya kazi usiku.